Vidole Vitatu: Jinsi Filamu ya Vijana Ilivyoingia Katika Historia ya Thailand na Myanmar

Ndugu msomaji, inua mkono wako mmoja. Kunja kidole gumba na kidole cha mwisho, uviache vile vitatu vya katikati vimesimama pamoja. Ukifanya hivyo darasani, mwalimu atadhani unataka kujibu swali. Ukifanya hivyo ukiwa umevaa sare ya skauti, watu watajua kuwa unatoa salamu ya chama chako, maana skauti wa dunia nzima husalimiana kwa vidole vitatu. Lakini lau ungelifanya hivyo mbele ya askari mjini Bangkok mwezi wa Juni mwaka 2014, ungeliweza kulala mahabusu. Na lau ungelifanya hivyo katika barabara za Yangon mwanzoni mwa mwaka 2021, pengine usingelirudi nyumbani.

Ishara hiyo haikubuniwa na chama chochote cha siasa, wala haimo katika mila za Thailand au za Myanmar. Ilibuniwa na mwanamke mmoja wa Marekani aliyekuwa akiandika riwaya ya vijana, ikapitia mikononi mwa watengenezaji wa filamu, ikafika kwenye kumbi za sinema za Asia, na huko ikachukuliwa na watu ambao hawakumwomba mtu yeyote ruhusa. Sisi walimu wa lugha tunapenda kusema kwamba filamu za aina hii ni upuuzi unaowapotezea wanafunzi muda. Mimi mwenyewe nimewahi kusema hivyo mbele ya darasa, tena kwa sauti kubwa. Ndiyo maana nakuomba tuifuate njia ya ishara hii hatua kwa hatua, tuone ni mahali gani hasa burudani iligeuka kuwa siasa.

Suzanne Collins alikuwa akiandika vipindi vya watoto vya televisheni kabla ya kujulikana kwa riwaya zake. Baba yake alikuwa mwanajeshi wa jeshi la anga la Marekani, alipelekwa Vietnam wakati wa vita, na aliwafundisha wanawe kwamba vita vina sababu, vina gharama na vina matokeo. Collins ameeleza kwamba usiku mmoja alikuwa akibadilisha stesheni za televisheni: hapa vijana wanashindana katika kipindi cha mashindano, pale askari wako katika vita vya Iraq. Akiwa amechoka, picha hizo mbili zikaanza kuchanganyika kichwani mwake. Akaongezea hadithi ya kale ya Wagiriki aliyoisoma utotoni, ile ya mji wa Athene uliolazimishwa kupeleka vijana saba wa kiume na saba wa kike huko Krete wakaliwe na dubwana Minotauro. Kutokana na mchanganyiko huo likatoka kitabu The Hunger Games, yaani Michezo ya Njaa, kilichochapishwa Septemba 2008, kikafuatwa na vingine viwili mwaka 2009 na 2010.

Nchi ya riwaya hiyo inaitwa Panem. Jina limetokana na maneno ya Kilatini ya mshairi wa Roma, Juvenal, aliyewalaumu raia wenzake kwa kuuacha uraia wao na kuridhika na mkate pamoja na michezo ya uwanjani. Panem ina mji mkuu wenye anasa, Capitol, na wilaya kumi na mbili zinazoulisha mji huo. Ilikuwapo ya kumi na tatu, lakini inasemekana iliteketezwa baada ya uasi. Kama adhabu ya uasi huo, kila mwaka kila wilaya hutoa mvulana mmoja na msichana mmoja wenye umri kati ya miaka 12 na 18. Wote 24 hutupwa uwanjani wauane mbele ya kamera hadi abaki mmoja, na wazazi wao hulazimika kutazama.

Nataka usimame kidogo kwenye sheria moja ya kitabu hicho, kwa sababu filamu iliipita kwa haraka. Majina ya watoto hutolewa kwa kura, na kura kwa kawaida tunaiona kuwa ndiyo haki yenyewe. Lakini mtoto wa familia yenye njaa anaruhusiwa kuongeza jina lake kwenye chombo cha kura, mara moja kwa kila mgao wa nafaka na mafuta ya kumtosha mtu mmoja kwa mwaka. Majina hayo hayafutwi mwaka ukiisha, hulimbikizana. Kijana mmoja katika kitabu, ambaye ndiye mlezi wa nyumba yao, anafikisha umri wa miaka 18 jina lake likiwa limo mara 42. Mtoto wa mwenye mali limo mara chache tu. Kwa hiyo hakuna afisa anayewachagua maskini wafe. Utaratibu wenyewe unawachagua, na kila hatua yake ina saini ya mtoto mwenyewe aliyekuwa akitafuta chakula. Nimesoma vitabu vingi vya uraia vinavyoeleza tofauti kati ya usawa wa maandishi na usawa wa kweli, na sijaona kilichoieleza kwa ufupi kuliko ukurasa huo.

Sasa tuje kwenye vidole. Msimulizi wa riwaya ni msichana wa miaka 16, Katniss Everdeen wa Wilaya ya 12, ambaye anajitolea kwenda uwanjani badala ya mdogo wake. Anapojitolea, umati uliokuwa ukitakiwa kushangilia unakataa kupiga makofi. Badala yake mtu mmoja, kisha mwingine, kisha karibu wote wanagusa midomo yao kwa vidole vitatu na kumnyooshea. Katniss anatueleza kwamba ni desturi ya zamani ya wilaya yao, haitumiki sana siku hizi, na huonekana mara mojamoja kwenye mazishi. Maana yake ni shukrani, heshima na kumuaga umpendaye. Baadaye, uwanjani, rafiki yake mdogo Rue wa Wilaya ya 11 anauawa. Katniss anaupamba mwili wake kwa maua ya porini, anarudi nyuma hatua moja, na kumnyooshea vidole vitatu. Anamnyooshea Rue. Ni mazishi. Wilaya ya 11 inajibu kwa kumtumia Katniss mkate, jambo ambalo wilaya haijawahi kumfanyia mshindani asiye wake.

Filamu ilitoka Machi 2012, ikiongozwa na Gary Ross, na Jennifer Lawrence akiigiza kama Katniss. Mkate haumo. Katika filamu Katniss anauacha mwili wa Rue, anainua uso, anaitazama kamera iliyofichwa mtini, na ishara anaielekeza huko. Mara tunahamishwa hadi Wilaya ya 11, tunawaona watu waliokuwa wakitazama kwenye skrini kubwa wakimrudishia ishara ileile, kisha mwanamume mmoja anawarukia walinzi na ghasia zinaanza. Ghasia hizo haziwezi kuwamo kitabuni kwa sababu ya kisarufi tu: kitabu kinasimuliwa na nafsi ya kwanza, na nafsi hiyo iko msituni, haioni kinachotokea kwingine. Filamu haina kizuizi hicho. Iliweza kutuonyesha chumba cha mafundi wanaouendesha uwanja, na Rais Snow akizungumza bustanini na msimamizi wa michezo juu ya kiasi cha matumaini ambacho raia wanaweza kuachiwa.

Ukinisoma kwa makini utaona mabadiliko hayo yamefanya nini. Katika kitabu ishara ni kati ya aliye hai na aliyekufa. Katika filamu ni kati ya anayeonekana na wanaomtazama, na mtazamaji amefundishwa, kwa picha, kwamba jibu la ishara ni kuirudisha pamoja na wenzako hadharani. Sitasema kwamba Ross alikusudia kufundisha maandamano. Nadhani alikuwa akitatua shida ya kawaida ya mwongozaji: afanye nini na riwaya ambayo nusu yake ni mawazo ya msichana aliyejificha juu ya mti? Lakini suluhisho lake likawa somo.

Lazima pia niseme ukweli wa upande wa pili, maana hadithi hii haina malaika. Filamu hiyo ya kwanza iliingiza karibu dola milioni 700 duniani, na zile nne za mwanzo kwa pamoja zilikaribia dola bilioni 3. Uingereza, bodi inayopanga madaraja ya filamu ilitaka sekunde saba za damu ziondolewe ndipo watoto wa miaka 12 waruhusiwe kutazama watoto wenzao wakiuana. Filamu ya pili ilipokaribia mwaka 2013, kampuni ya CoverGirl ilitoa vipodozi vyenye jina la Capitol, yaani jina la mji wa wale wanaojipaka rangi huku watoto wa wenzao wakifa. Sijui kama aliyebuni biashara hiyo alikuwa amesoma kitabu. Na filamu ya kwanza ilipotoka, baadhi ya watazamaji wa Marekani walilalamika mtandaoni kwamba Rue ameigizwa na mtoto mweusi, Amandla Stenberg, na kwamba kwa sababu hiyo kifo chake hakikuwahuzunisha kama walivyotarajia. Kitabu kilikuwa kimesema wazi tangu mwanzo kwamba ngozi ya Rue ni ya kahawia iliyoiva. Walikuwa wameusoma mstari huo bila kuuona.

Mafanikio hayo yalizaa kundi zima la filamu zilizotokana na riwaya za nchi mbovu za kesho: The Giver, kutoka riwaya ya Lois Lowry ya mwaka 1993, Divergent na The Maze Runner, zote mwaka 2014. Mfululizo wa Divergent uliporomoka kiasi kwamba sehemu yake ya mwisho haikutengenezwa kabisa kwa ajili ya sinema. Kabla ya zote hizo Wajapani walikuwa na Battle Royale, riwaya ya Koushun Takami ya mwaka 1999 iliyofanywa filamu mwaka 2000 na Kinji Fukasaku, mzee ambaye akiwa na miaka 15 alifanya kazi katika kiwanda cha silaha wakati wa Vita Vikuu vya Pili na kuona wenzake wakifa. Humo pia wanafunzi wanalazimishwa kuuana. Filamu yake ina hasira ambayo zile za Marekani hazina, na wabunge wa Japani waliilaani. Hata hivyo hakuna ishara yake iliyotoka barabarani. Hasira peke yake haina umbo la mkono.

Tarehe 22 Mei 2014 Jenerali Prayut Chan-o-cha alitangaza kwamba jeshi la Thailand limetwaa madaraka. Wiki mbili kabla, mahakama ya katiba ilikuwa imemwondoa Waziri Mkuu Yingluck Shinawatra, na mitaa ya Bangkok ilikuwa imejaa maandamano ya kambi mbili kwa miezi. Kwa Wathai haikuwa ajabu. Tangu mwaka 1932, ufalme usio na mipaka ulipokomeshwa, nchi hiyo imeona mapinduzi ya kijeshi zaidi ya kumi yaliyofanikiwa. Jeshi likapiga marufuku mikusanyiko ya kisiasa ya watu watano au zaidi, likawaita wanasiasa, waandishi na wahadhiri waripoti kambini, likavidhibiti vyombo vya habari.

Jiweke katika nafasi ya kijana wa chuo kikuu siku hizo. Bango huwezi kubeba. Hotuba huwezi kutoa. Kundi la watu watano ni kosa. Unabaki na mwili wako na vitu vya kila siku. Wapo waliokaa hadharani kimya wakisoma riwaya ya George Orwell, Nineteen Eighty-Four. Wapo waliogawa sandwichi kwa jina la demokrasia, hadi kula sandwichi mahali fulani kukawa jambo la kumtilia mtu shaka. Na kuanzia mwanzo wa Juni wakaonekana watu katikati ya maduka makubwa ya Bangkok wakiinua vidole vitatu. Waliulizwa maana yake, wakatoa majibu mbalimbali. Mmoja alisema ni uhuru, usawa na udugu, kama Wafaransa. Mwingine alisema ni uhuru, uchaguzi na demokrasia. Wakuu wa usalama wakaonya kwamba atakayeendelea kuinua mkono hivyo kama upinzani wa kisiasa atakamatwa.

Hebu tutazame kwa nini ishara hiyo iliwatatiza watawala namna ile. Filamu ilikuwa imeonyeshwa nchini kihalali, kwa tiketi, ikiwa na kibali. Kila mtu alikuwa ameiona, hata askari wenyewe. Ili kuwakataza watu kuinua vidole, serikali ililazimika kwanza kukiri kwamba imejitambua katika filamu hiyo, na kwamba haikujiona katika upande wa Katniss. Hakuna mwanasheria wa upinzani ambaye angeliweza kuandika shtaka kali zaidi ya marufuku ile.

Novemba mwaka huohuo mambo yakakutana kwa namna ambayo mtunzi wa riwaya angeliogopa kuiandika. Tarehe 19 Prayut, ambaye sasa alikuwa waziri mkuu, alikwenda kuhutubia mkoani Khon Kaen, kaskazini mashariki. Wanafunzi watano wa chuo kikuu cha huko wakasimama mbele ya jukwaa lake, wakavua mashati ya juu. Ndani walivaa fulana, kila moja ikiwa na silabi moja, na silabi tano zikisomwa pamoja kwa Kithai zilikataa mapinduzi. Wakainua vidole vitatu. Wakachukuliwa na walinzi. Kesho yake, tarehe 20, filamu ya tatu ya mfululizo ilifunguliwa katika sinema za Thailand. Wanafunzi wa Bangkok walikuwa wamepanga kuwagawia watu tiketi katika ukumbi mmoja wa zamani, na wenye ukumbi wakafuta maonyesho. Mbele ya sinema nyingine mwanafunzi wa kike alichukuliwa na polisi baada ya kuinua vidole karibu na bango la filamu. Kwenye bango lile kulikuwa na picha ya msichana anayepigana na serikali, imetundikwa kihalali, na chini yake msichana mwingine anakamatwa.

Wako watakaouliza, na swali ni la haki: je, Wathai hawakuwa na historia yao ya kukopa? Walikuwa nayo. Oktoba 1973 wanafunzi waliwaongoza watu kuwang'oa watawala wa kijeshi. Tarehe 6 Oktoba 1976 wanafunzi waliuawa katika Chuo Kikuu cha Thammasat na polisi na makundi ya wanamgambo, na jioni yake kukawa na mapinduzi mengine. Lakini vijana wa kizazi kipya walilalamika kwamba shuleni habari hizo waligusiwa tu, au hawakuambiwa kabisa. Hapa, ndugu msomaji, sisi walimu hatuwezi kukwepa. Serikali ikiifungia kabati historia ya nchi, mtoto ataokota historia ya nchi isiyokuwapo. Panem haikuwahi kuwako, lakini ilikuwa imefundishwa vizuri zaidi kuliko Thammasat.

Namna ya kuokota nayo ina ufundi wake. Hapa Kampala, katika vibanda vya video, filamu ya kigeni haionyeshwi hivi hivi. Kuna mfasiri tunayemwita VJ, anayeizungumza kwa Kiluganda huku akitia mizaha, methali na majina ya mitaa yetu, hadi mhalifu wa Los Angeles anakuwa mtu wa Katwe. Tanzania alikuwako Lufufu akifanya hivyo kwa Kiswahili, na Kenya wana DJ Afro. Watazamaji wa vibanda hivyo wanajua tangu zamani kile ambacho wasomi huhitaji vitabu vinene kukieleza: filamu ikishafika kwako, maana yake ni mali yako. Wathai walifanya u-VJ wa aina yao, bila kipaza sauti.

Wimbi la pili likaja mwaka 2020. Februari mahakama ilikivunja chama cha Future Forward, kilichopendwa sana na wapiga kura vijana. Julai waandamanaji wakakusanyika kwenye Mnara wa Demokrasia wa Bangkok na madai matatu: bunge livunjwe, katiba mpya iandikwe, na wakosoaji waache kusumbuliwa. Agosti ishara ikaingia shuleni. Wimbo wa taifa unapopigwa saa mbili asubuhi na bendera kupandishwa, wanafunzi wa sekondari, wengine wamefunga utepe mweupe, wakainua vidole vitatu badala ya kusimama wima na mikono chini. Nimesimama kwenye gwaride la asubuhi la shule kwa miaka mingi, nami naweza kukuambia kwamba mwalimu mkuu hana kanuni ya kumwongoza katika jambo kama hilo. Mtoto hajatukana, hajapiga kelele, hajaondoka kwenye mstari.

Prayut alibaki waziri mkuu hadi 2023. Uchaguzi wa Mei mwaka huo, chama cha Move Forward, mrithi wa kile kilichovunjwa, kilipata viti vingi kuliko chama chochote, lakini Baraza la Seneti lililoteuliwa na wanajeshi likazuia mgombea wake asiwe waziri mkuu. Agosti 2024 mahakama ikakivunja nacho. Ishara haikushinda, kama utapima ushindi kwa kiti.

Kuna jambo moja ambalo vijana hao hawakulikopa, au walilikopa kidogo mno kwa maoni yangu. Mwisho wa mfululizo si kuanguka kwa Rais Snow. Kiongozi wa waasi, Coin, akiwa amekaribia kushika dola, anapendekeza ifanyike michezo ya mwisho, safari hii kwa watoto wa Capitol. Katniss anapewa upinde amuue Snow hadharani. Anageuza mshale na kumpiga Coin. Ndugu zangu mliosoma Shamba la Wanyama katika tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967 mnaijua hofu hiyo: dirishani, nguruwe hawatofautiki tena na watu. Na hapa kuna kisa kinachofaa kukumbukwa na kila anayelinganisha kitabu na filamu yake. Kitabu hicho cha Orwell kilipofanywa filamu ya katuni Uingereza mwaka 1954, fedha zilitoka kwa siri katika shirika la ujasusi la Marekani, na mwisho ukabadilishwa: wanyama wakainuka tena wakawapindua nguruwe, maana wakati ule wa vita baridi mwisho wa Orwell haukutosha kuwatia watu moyo. Filamu ya mwisho ya Michezo ya Njaa, ya mwaka 2015, haikumwokoa Coin wala kumsafisha. Watengenezaji waliiacha hofu ya kitabu ilivyokuwa. Kwa hilo nawaheshimu, pamoja na vipodozi vyao.

Tarehe 1 Februari 2021 Jenerali Min Aung Hlaing alitwaa madaraka Myanmar. Chama cha Aung San Suu Kyi kilikuwa kimeshinda uchaguzi wa Novemba 2020 kwa kura nyingi. Alfajiri ile, siku bunge jipya lilipokuwa likutane, kiongozi huyo na wenzake wakakamatwa. Myanmar haikuhitaji mtu wa kuifundisha upinzani: ilijua mapinduzi ya mwaka 1962 na mauaji ya wanafunzi ya Agosti 1988. Usiku watu walipiga masufuria madirishani, desturi yao ya kale ya kufukuza pepo wabaya nyumbani. Mchana waliinua vidole vitatu walivyoviona kwa jirani zao Wathai. Sufuria za mababu na vidole vya Hollywood zikafanya kazi pamoja bila ugomvi wowote. Wa kwanza kuonekana wakifanya hivyo walikuwa madaktari na wauguzi, siku mbili baada ya mapinduzi, katika mavazi yao ya hospitali wakikataa kufanya kazi chini ya jeshi.

Tarehe 26 Februari balozi wa Myanmar katika Umoja wa Mataifa, Kyaw Moe Tun, alisimama mbele ya Baraza Kuu akaomba dunia ilisaidie taifa lake dhidi ya serikali iliyokuwa ikidai kumtuma. Alipomaliza, sauti ikimtetemeka, akainua vidole vitatu. Kesho yake jeshi likamfukuza kazi, naye akabaki kwenye kiti. Mwezi wa Mei golikipa wa timu ya taifa, iliyokuwa Japani kwa mechi ya kufuzu Kombe la Dunia, aliinua vidole vitatu wimbo wa taifa ulipopigwa. Wenzake walipopanda ndege kurudi, yeye aligoma uwanja wa ndege, na mwezi wa Agosti Japani ikamkubali kama mkimbizi.

Kabla ya hao wawili alikuwako msichana aliyefanya kazi dukani. Tarehe 9 Februari, katika maandamano ya Naypyitaw, alipigwa risasi kichwani. Alitimiza miaka ishirini akiwa hospitalini, hana fahamu, na akafa tarehe 19. Siku mbili baadaye alizikwa. Watu walijipanga kandokando ya njia, wengine juu ya pikipiki, wengine na watoto mikononi. Gari lililombeba lilipopita waliinua vidole vitatu, na hawakuvielekeza kwa jenerali wala kwa kamera. Walivielekeza kwenye jeneza.